Debian 12, Ubuntu Server 24.04 na AlmaLinux 9: ipi iibebe Odoo?

Odoo ni programu ya kuendeshea shughuli za biashara, na matoleo yake ya 17 na 18 yanadai Python (lugha iliyoandikiwa) 3.10 kwenda juu na PostgreSQL (hifadhidata yake) 12 kwenda juu. Anzia hapo. Ukianza kwa kuuliza mfumo endeshi upi ni bora utazunguka sana. Amua kwanza toleo la Odoo, kisha tazama ni mfumo upi unaokuja na Python na PostgreSQL zinazolifaa bila kuongezewa chochote kutoka nje. Kila kifurushi cha pembeni unachokiingiza leo ndicho kitakachokukwamisha siku ya kupandisha toleo.

Kwa kipimo hicho, Debian 12 ndiyo chaguo letu la kwanza kwa Odoo 17 na 18. Inakuja na Python 3.11 na PostgreSQL 15, na watengenezaji wa Odoo hutoa kifurushi cha deb kinachoilenga. Sakinisha PostgreSQL kwanza, Odoo baadaye. Kifurushi hicho chenyewe huunda mtumiaji wa odoo, faili la `/etc/odoo/odoo.conf` na huduma ya systemd. Debian 12 ilitoka Juni 2023, na masasisho yake ya usalama, pamoja na kipindi cha LTS (msaada wa muda mrefu), yanafika Juni 2028.

Anayesakinisha kutoka kwenye msimbo chanzo atakutana na ukuta mapema: pip, zana ya kusakinisha maktaba za Python, inakataa kazi na kuandika `externally-managed-environment`. Ubuntu 24.04 nayo hufanya vivyo hivyo. Usilazimishe kwa `--break-system-packages`, maana unachanganya maktaba za Odoo na zile zinazotegemewa na zana za mfumo wenyewe. Tengeneza mazingira yake ya pekee kwa `python3 -m venv /opt/odoo/venv`, ukiwa umeshasakinisha `python3-venv`, `python3-dev`, `build-essential`, `libpq-dev`, `libldap2-dev` na `libsasl2-dev`. Bila `libpq-dev`, psycopg2, maktaba inayounganisha Python na PostgreSQL, inalalamika kwamba haioni `pg_config`. Bila zile mbili za mwisho, python-ldap inakwama ikitafuta `lber.h`.

Halafu kuna wkhtmltopdf, programu ndogo inayogeuza ankara kuwa PDF, na hapa ndipo wengi hupoteza siku nzima. Iliyomo kwenye hazina ya Debian 12 imejengwa bila Qt (maktaba ya kuchora kurasa) iliyorekebishwa, kwa hiyo ankara hutoka bila sehemu ya juu yenye nembo na bila sehemu ya chini yenye namba za kurasa. Chukua 0.12.6.1 kutoka kwa watengenezaji wake: faili lenye jina bookworm kwa Debian 12, lenye jina jammy kwa Ubuntu. Usiyabadilishane. La Ubuntu linadai `libjpeg-turbo8`, na kwenye Debian maktaba hiyo inaitwa `libjpeg62-turbo`, hivyo litagoma. Ukimaliza, andika `wkhtmltopdf --version`. Usipoona maneno `with patched qt`, kazi bado.

Ubuntu Server 24.04 ina Python 3.12 na PostgreSQL 16. Kwa Odoo 18 ni sawa kabisa. Kwa Odoo 16 tungeiepuka, kwa sababu matoleo ya gevent (maktaba ya Python ambayo Odoo huitegemea) ya enzi hiyo hayajengeki juu ya Python 3.12, na utaishia kubadilisha namba kwenye `requirements.txt` kwa kubahatisha. Lipo jambo jingine linalosahaulika: miaka 5 ya masasisho ya kawaida ya Ubuntu inahusu sehemu ya hazina yake iitwayo main. Maktaba nyingi za Python zimo kwenye sehemu nyingine, universe, ambayo masasisho yake ya uhakika hupatikana kupitia Ubuntu Pro.

Ubuntu pia hujisasisha yenyewe tangu siku ya kwanza. Kipima muda cha `apt-daily-upgrade.timer` huamka saa 12 asubuhi, kikiwa na nafasi ya kuchelewa hadi dakika 60. Sasisho la PostgreSQL likiingia, hifadhidata inawashwa upya, na aliyekuwa katikati ya kuthibitisha oda anaona kosa kwenye skrini. Dawa yake si kuzima masasisho. Tumia `systemctl edit apt-daily-upgrade.timer` na uyasogeze usiku wa manane. Andika kwanza mstari mtupu wa `OnCalendar=`, kisha ule wenye saa mpya; ukiuacha ule mtupu, saa ya zamani inabaki na mpya inaongezwa juu yake.

AlmaLinux 9 ina maisha marefu, hadi Mei 2032, na kwa taasisi ambayo mafundi wake wamezoea Red Hat hiyo ni sababu ya kutosha. Ila jiandae kufanya kazi zaidi. Python yake ya msingi ni 3.9, haitoshi, kwa hiyo sakinisha `python3.11` na `python3.11-devel` kando yake, wala usiiguse ile ya mfumo. PostgreSQL ya msingi ni 13. Ukitaka 15, anza na `dnf module enable postgresql:15`. Baada ya kusakinisha, hifadhidata haiwaki mpaka uendeshe `postgresql-setup --initdb`. Ukiunganisha Odoo kupitia 127.0.0.1 utajibiwa `Ident authentication failed`, kwa kuwa `pg_hba.conf` imewekewa ident, njia isiyotumia nenosiri. Ibadilishe iwe `scram-sha-256`.

Ukishamaliza hayo yote, nginx, seva ya wavuti inayokaa mbele ya Odoo, inakupa kosa la 502 ingawa Odoo inajibu vizuri kwenye poti 8069. Hiyo ni SELinux, ulinzi wa ndani wa mfumo unaoizuia nginx kuifikia Odoo. Amri ni moja, `setsebool -P httpd_can_network_connect 1`. Kuizima SELinux yote kwa ajili ya hili ni kosa, na inasikitisha kuona miongozo mingi bado inashauri hivyo.

Windows inafaa majaribio tu. Odoo hugawanya kazi kwa michakato mingi kupitia `workers`, na utaratibu huo haufanyi kazi huko.

Kwenye Linux, kanuni ya kukadiria ni viini vya prosesa mara 2, jumlisha 1, na kila mchakato huchukuliwa kuwa unahudumia watu 6 wanaotumia mfumo kwa wakati mmoja. Seva ya viini 4 basi inafikia michakato 9: 8 ya watu na 1 ya kazi za ratiba, na Odoo peke yake itahitaji kama GB 3 za RAM, kabla hujahesabu PostgreSQL. RAM ikiisha, kerneli huchagua mchakato wa kuua, na mara nyingine humwangukia PostgreSQL. Angalia `dmesg` (ujumbe wa kerneli) ukiona hifadhidata inaanguka bila sababu. Kumbuka pia kwamba ukiwasha `workers`, njia ya `/websocket` lazima nginx iielekeze kwenye poti 8072. Ukisahau, ujumbe wa papo kwa papo unakufa na logi inajaa `Couldn't bind the websocket`.

Jambo tunaloliogopa kuliko yote ni kuhamisha hifadhidata kutoka mfumo endeshi mmoja kwenda mwingine. Glibc, maktaba ya msingi ya Linux, katika toleo la 2.28 la mwaka 2018 ilibadilisha mpangilio wa herufi, na PostgreSQL hujenga faharasa za maandishi kwa kufuata mpangilio huo. Ukinakili saraka ya data kutoka CentOS 7, yenye glibc 2.17, ukaiwasha kwenye AlmaLinux 9 kwa toleo lilelile la PostgreSQL, kila kitu kitaonekana kizima. Kisha mteja aliyemo haonekani ukimtafuta, au rejea ambayo haikupaswa kujirudia inaingia mara mbili. Wanaotumia kontena hawajasalimika: picha ya PostgreSQL yenye Alpine hutumia musl badala ya glibc, na kubadilisha kutoka moja kwenda nyingine juu ya data ileile huleta balaa hilohilo.

Hamisha kwa `pg_dump` na `pg_restore`, maana faharasa hujengwa upya. Kama saraka imeshanakiliwa, simamisha Odoo, endesha `REINDEX DATABASE`, kisha kwenye PostgreSQL 15 au zaidi malizia na `ALTER DATABASE` jina `REFRESH COLLATION VERSION`. REINDEX ikigoma kwa sababu ya maingizo yaliyojirudia, yasafishe kwanza kwa mkono. Na pamoja na hifadhidata beba filestore, saraka ya mafaili ya Odoo, ambayo kwa kifurushi cha deb imo ndani ya `/var/lib/odoo/.local/share/Odoo`, bila hiyo, viambatisho na picha za bidhaa zote hubaki kwenye seva ya zamani.