VESTA: programu ya bure ya kuona ndani ya madini, hadi yale mapya ya Mirerani

Jamani kama unafundisha kemia au unasoma jiolojia na hujawahi kufungua VESTA, ishushe leo leo. Mi nafundisha kemia sekondari huku Arusha na miaka yote muundo wa fuwele (yaani atomu zilivyojipanga ndani yake) nilikuwa nauonyesha kwa viazi na vijiti vya meno, sasa kwa chumvi ya mezani viazi vinatosha, ila ukigusa madini yenye atomu za aina nne tano unakwama palepale.

Wametengeneza Wajapani wawili, Koichi Momma na Fujio Izumi, na ni bure kama huitumii kibiashara. Ipo ya Windows, Mac na Linux. Kwenye Windows hata kuinstol hakuna, unafungua zipu, unabonyeza, inawaka, na kwa kompyuta za shule ambazo paswedi anayo mtu mmoja tu hilo ni jambo kubwa sana. Faili unazoiwekea zinaitwa CIF, ni maandishi tu yanayosema fuwele ina vipimo gani na kila atomu imekaa wapi, kwa hiyo hazili bando.

Kilichonifanya niandike ni merelaniite. Ni madini mapya, yalitangazwa 2016, yametoka kwenye machimbo ya tanzanite hapohapo Mirerani (jina limefuata ile spelingi ya Merelani), na mwanafunzi wangu mmoja ambaye baba yake ni mwana-Apolo (mchimbaji wa tanzanite) akaniuliza mwalimu, ndani yakoje? Kwa macho ni vinyuzi vya kijivu vyembamba kama unywele, ila kila kinyuzi ni matabaka yaliyovingirishwa kama mkeka. Matabaka yenyewe ni ya aina mbili zinazopishana, moja limejengwa kama molybdenite, yaani molibdenamu na salfa, jingine kama galena, yaani risasi (ile metali, Pb) na salfa, na vipimo vya hayo mawili havilingani ila yanakaa pamoja hivyohivyo.

Kwa maneno hayo hakuna aliyeelewa. Basi nikafungua galena tabu moja na molybdenite tabu ya pili, nikawaachia mausi wazungushe wenyewe. Dakika chache tu binti mmoja akasema mwalimu mbona zote zina salfa sita? Kweli, risasi imezungukwa na salfa sita na molibdenamu nayo sita, lakini ukiwasha ule mtindo wa maumbo, kwa risasi unaona piramidi mbili zilizogusana kitako na kwa molibdenamu unaona mche wa pembetatu. Hesabu ileile, nyumba tofauti kabisa! Ukibonyeza atomu mbili inakupimia umbali, risasi hadi salfa kwenye galena ni kama angstromu 2.97 (angstromu moja ni sehemu moja ya bilioni kumi ya mita). Sijawahi kuona darasa limetulia vile kipindi cha mwisho mchana.

Ujue tu kwamba haikutafutii muundo mpya. Ile kazi ya kupiga kifuwele eksirei na kukokotoa atomu ziko wapi ni ya maabara na programu nyingine, VESTA inakuchorea kilichokwisha kupatikana. Ila kinyume chake inaweza, ukiwa na muundo inakukokotolea vilele vya grafu ambavyo unga wa madini hayo ungetoa kwenye mashine ya eksirei, na hapo ndipo wanafunzi wangu walielewa wataalamu wanajuaje kwamba hili ni jipya na si lile la zamani. Menyu zote ni Kiingereza, siku ya kwanza kaa nao karibu.

Na ukitaka tanzanite usiandike tanzanite, hilo ni jina la biashara. Tafuta zoisite kwenye hifadhidata ya American Mineralogist (jarida la wataalamu wa madini), nayo ni bure, faili ipo. Nyota tano.