Impreza WRX ya 2006: pesa yangu ilikokwenda na kilichonirudia

Gari lenyewe ni Subaru Impreza WRX ya mwaka 2006, bodi ya GDA, injini EJ20 ya tabo (turbo, feni inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini), cc 1,994, gia tano za mkono. Lilipotoka kiwandani Japani liliandikiwa nguvu farasi 250. Nililinunua Dar mwaka 2021 kwa mtu aliyeliagiza mwenyewe na kulipia tozo ya uchakavu, likiwa na kilomita 138,000. Mimi naishi Iringa, na kazi inanipeleka Dar karibu kila mwezi, kwa hiyo gari hili linashuka na kupanda mlima wa Kitonga, linakatiza hifadhi ya Mikumi, na linapita juu ya matuta yote ya vijiji kuanzia Ilula hadi Chalinze. Nimelitengeneza kwa ajili ya njia hiyo.

Naandika kwa sababu nilipoanza nilitafuta mtu wa kunieleza kwa Kiswahili ni kipi kianze na kipi kifuate, nikakosa. Nikatumia pesa nyingi kujifunza.

Siku ya kwanza nalipandisha Iringa nilidhani tatizo lake ni nguvu. Lilikuwa zito kuamka, na kwenye kona za Kitonga pua lilikuwa linakataa kugeuka. Unakata usukani, gari linaendelea kwenda mbele. Kwenye tuta linagonga chini "kwa!" hadi meno yanatetemeka. Nikafika nyumbani nimeshapanga orodha kichwani: bomba kubwa, tabo kubwa, kutuni kompyuta ya injini, yaani kubadili mipangilio yake.

Nikalipeleka kwa fundi wangu, mzee wa Ipogolo ambaye amefungua Subaru nyingi kuliko mtu yeyote ninayemfahamu. Nikamwamkia, nikamweleza orodha yangu. Hakunijibu. Alipiga jeki mbele, gurudumu likaning'inia, akaingiza mkono na kuishika springi. Ikazunguka. Kwa mkono mtupu, kama unavyozungusha kifuniko cha chupa. Mwenye gari wa kwanza alikuwa amezikata springi zote nne kwa grainda ili gari lilale chini. Ile ncha iliyokatwa ilikuwa na kutu nyekundu, na ilikuwa imekwaruza kitako chake mpaka chuma cheupe kikaonekana.

"Mwanangu, hili gari limechoka miguu," akaniambia. "Usiliongezee mbio. Lipe miguu kwanza."

Nilimtii, na sijutii. Springi iliyokatwa inakuwa fupi, hivyo shokapu inafanya kazi karibu na mwisho wa mwendo wake. Ukikuta shimo katikati ya kona, shokapu inafika chini, tairi linaruka, na kwa nukta hiyo huna gari. Watu wengi wanapenda gari lililolala, nami nalipenda machoni. Lakini hizi Impreza tulizipenda tangu utotoni kwa sababu ya mbio za Safari Rally, ambako Colin McRae alishinda nayo mwaka 1997 na Richard Burns mwaka 2000, na magari yale hayakuwa yamelazwa. Yaliinuliwa na kupewa nafasi ndefu ya springi kupanda na kushuka. Walijua barabara zetu.

Nilinunua shokapu mpya nne za KYB na springi za kimo cha kiwandani, shilingi 1,450,000 kwa zote. Bushi za mikono ya chini, boljointi na linki za stabilaiza zikachukua 380,000 nyingine. Hapo kwenye bushi nataka nisimame kidogo, maana hakuna anayezisifia. Ile bushi ya nyuma kwenye mkono wa chini wa mbele ndiyo inayozuia gurudumu lisirudi nyuma unapofunga breki. Zangu mpira ulikuwa umepasuka ukazunguka duara zima. Maana yake kila nilipokanyaga breki, magurudumu ya mbele yalikuwa yanabadili mwelekeo yenyewe, na mimi nasahihisha kwa usukani nikidhani ndivyo gari lilivyo. Baada ya kubadilisha, nilishuka Kitonga nimeshika usukani kwa vidole. Gari la miaka 15 likawa limenyooka, bila hata kifaa kimoja cha mashindano.

Matairi yakafuata, 215/45R17, seti nzima shilingi 1,240,000. Niliyoyakuta yalikuwa na kashata ya kutosha, lakini yalikuwa ya zamani na mpira umekuwa mgumu kama soli ya kiatu. Ukitaka kununua rimu za mtumba, kumbuka kwamba WRX hii ina nati tano kwenye duara la milimita 100. Rimu za Altezza, ambazo ndizo zimejaa mtaani, ni milimita 114.3 na haziingii. Nilimwona kijana mtaa wa Gerezani, Dar, akiuziwa seti nzima, nikamsogelea nikamwambia. Alinishukuru sana.

Kisha wili alaimenti, shilingi 50,000 tu, na kama ningeruhusiwa kitu kimoja tu katika safari hii yote ningechagua hiki. Karatasi iliyotoka kwenye mashine nimeitunza. Kabla: gurudumu la mbele kushoto limelala ndani dakika 20 (digrii moja ina dakika 60), la kulia limelala nje dakika 10. Yaani kila upande ulikuwa na mawazo yake. Subaru hawa wana boliti ya juu ya shokapu ya mbele ambayo ukiizungusha, gurudumu linalala ndani au linasimama. Nikaomba digrii moja na nusu kulala ndani pande zote mbili, na toe sifuri, yaani magurudumu yatazame mbele sambamba. Fundi wa mashine alisita, akasema kiwandani hawaweki hivyo. Ni kweli, na matairi ya mbele yanalika kidogo zaidi upande wa ndani, ndiyo maana nayazungusha mbele na nyuma kila kilomita 8,000. Lakini pua linalokataa kona lilipungua zaidi ya nusu siku hiyo hiyo.

Nusu iliyobaki niliimaliza na fimbo ya stabilaiza ya nyuma, ile inayozuia gari kulala upande kwenye kona, ya Whiteline, milimita 22. Ya zamani niliipima ikawa 20. Mtu akisikia tofauti ya milimita mbili anacheka, ila ugumu wa fimbo unakua kwa kipimo chake kikizidishwa chenyewe mara nne, hivyo ya 22 ni ngumu kuliko ya 20 kwa asilimia 46. Injini ya Subaru imelala bapa na iko chini, jambo zuri, lakini yote iko mbele ya ekseli ya mbele. Ndiyo inayosukuma pua nje ya kona. Ukiikaza nyuma kidogo, mzigo unagawanyika vizuri na gari linageuka kama mwili mmoja. Ina matundu ya kurekebisha. Nimeifunga kwenye tundu laini kwa sababu ya mvua na vumbi. Kwenye tundu gumu nyuma ilikuwa inataka kutoka barabara ya changarawe.

Breki sitasema mengi. Kalipa za mbele za pistoni nne zinatosha kabisa. Niliweka pedi bora, mipira ya breki iliyofumwa chuma, na mafuta mapya ya DOT 4. Mafuta ya breki hunyonya unyevu mwaka hadi mwaka. DOT 4 mpya huchemka si chini ya nyuzi 230, ikishanyonya maji kiwango kinaweza kushuka hadi 155. Kwenye mteremko mrefu nyuma ya malori hiyo ndiyo tofauti kati ya pedali ngumu na pedali inayozama sakafuni. Badilisha kila baada ya miaka miwili, hata kama yanaonekana masafi.

Sasa nguvu.

Hapa nilikosea, na nilikosea kwa haraka. Nilifunga bomba la inchi tatu kutoka kwenye tabo, pampu kubwa ya mafuta, na geji ya kupima mchanganyiko wa hewa na petroli. Kisha nikampa gari mtu wa gereji moja jijini akatuni kompyuta. Alikaa nalo saa moja na nusu. Baadaye nilielewa kwamba hakutuni chochote: alimwagia faili lililotengenezwa kwa gari lingine, kwa petroli ya Japani ya daraja la juu ambayo oktani yake (kipimo cha kustahimili mgandamizo bila kujilipukia) ni karibu 100. Petroli yetu ya pampu haifiki huko. Nililipa shilingi 900,000.

Mjini lilikuwa linaruka. Nikarudi Iringa nimefurahi. Ruaha Mbuyuni joto lilikuwa kali, na nilipoanza kupanda Kitonga kwa gia ya nne nyuma ya basi, nikasikia sauti chini ya boneti kama changarawe zinazotikiswa ndani ya kopo. Ni injini inagonga: mchanganyiko unajilipukia wenyewe kabla ya wakati wake, na kila mlipuko ni nyundo juu ya pistoni. Niliachia mafuta papo hapo, nikashuka gia, nikapanda polepole kama lori. Sikulala vizuri usiku ule.

Asubuhi mzee alitoa betri na chupa ya maji ya waipa ili afikie plagi, kwa sababu kwenye Subaru plagi zimetazama ubavuni. Alipotoa ya silinda ya nne aliigeuza kwenye mwanga, kimya, kisha akanipa. Kwenye ile kauri nyeupe kulikuwa na nukta ndogo ndogo zinazometa, saba au nane, kama vumbi la fedha. Ni alumini ya pistoni yangu. Ilikuwa imeanza kuyeyuka.

Tukapima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, kabla sijafungua kinywa. Silinda zote nne zilisoma kati ya psi 128 na 132. Niliposhtuka kwamba ni ndogo, mzee alinikumbusha tuko wapi: Iringa ni zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, hewa ni nyembamba, hata injini nzima husoma chini. Muhimu zilingane. Zililingana. Nilimshukuru Mungu mbele ya watu. Yule wa jijini nilipompigia alisema nimejaza mafuta mabaya, na pesa yangu haikurudi.

Tulirudisha faili la kiwandani, nikaendesha hivyo miezi minne. Kisha nikaelekezwa kwa kijana mmoja wa Nairobi anayetuni kwa mbali. Nilipenda kwamba yuko Nairobi, jiji lililo juu kama sisi, kwa hiyo anaelewa injini inayopumua hewa nyembamba. Injini isiyo na tabo kwa kimo hiki hupoteza karibu asilimia 16 ya nguvu zake na basi. Yenye tabo inaweza kuzifidia, lakini tabo inazunguka zaidi ili ifikie shinikizo lile lile, na hewa inatoka ya moto zaidi. Ukiilazimisha tabo ndogo kama hii ya TD04 ikupe Iringa kile inachotoa Dar, inakupa joto.

Kazi ilikuwa hivi: nilinunua waya wa Openport wa kuunganisha gari na kompyuta, nikaweka RomRaider kwenye kompyuta yangu, programu ya bure ya kurekodi mwenendo wa injini. Naendesha, narekodi, namtumia. Ujumbe wake wa kwanza: "Boss, usiguse full throttle mpaka nikwambie." Alitaka kwanza kuona gari likiwa limetulia sailensa (injini inawaka bila kukanyaga mafuta), kisha mwendo wa kawaida, kisha nusu pedali. Kila mara akirudisha faili jipya. Ilichukua mafaili saba na wiki tano. Mara mbili aliona alama ndogo ya kugonga karibu na mizunguko 3,400 ambayo mimi sikuisikia kabisa, akarudisha nyuma muda wa cheche pale pale. Kisha akanisubirisha hadi niende Dar, nirekodi mchana wa joto kandokando ya bahari, maana faili lazima lifae juu na chini. Tukaishia kwenye shinikizo la tabo la bar 1.1, na mchanganyiko ukikaa karibu na 11 kwa 1 tabo inapopuliza.

Sina hesabu ya farasi ya kukupa, gari halijapanda mashine ya kupimia. Nilichopima ni gia ya tatu kutoka kilomita 60 hadi 100 kwa saa, barabara ile ile, kwenda na kurudi: kabla ilikuwa sekunde 4.6, sasa 3.9. Ukiwa nyuma ya semitrela Mahenge na nafasi yako ya kupita ni fupi, hiyo sehemu ya sekunde unaiona. Vijijini natembea 50 kama kila mtu, na wenye tochi tunafahamiana kwa salamu tu.

Jumla ya miguu, matairi na breki: kama shilingi milioni 4.4. Nguvu, ukiacha ile 900,000 iliyopotea: milioni 2.6. Miguu ndiyo ninayoihisi kila siku, hata nikienda sokoni. Nguvu naihisi mara tano au sita kwa safari.

Plagi naendelea kuzitoa kila kilomita 10,000 na kuzitazama kwenye mwanga. Tangu wakati ule kauri zimekuwa rangi ya biskuti, safi. Kinacholalamika sasa ni klachi: mwezi uliopita, gia ya nne, kupanda Kitonga, mizunguko ilipanda bila gari kuongeza mwendo. Mzee ameshaagiza diski na presha, na hadi zifike natembea bila kuiita tabo.