Deikea ya Kimara: ada inavumilika, saa ya kufunga ndiyo inayoumiza

Nianze na hesabu, maana najua ndicho wengi mnachotafuta. Deikea, yaani kituo cha kulelea watoto mchana, anakoshinda mwanangu huku Kimara, Dar es Salaam, inatoza Sh 120,000 kwa mwezi. Usajili ni Sh 30,000, unalipa mara moja. Chakula ni Sh 2,000 kwa siku ukitaka wapike wao: uji wa lishe asubuhi, wali au ugali mchana, na tunda. Ukitaka kubeba chako, ruksa, hawanuni. Pampasi na mafuta ni juu yako. Kila baada ya miezi kadhaa wanaomba sabuni ya maji, tishu na rimu ya karatasi. Niliuliza mtoto ambaye hata kukaa hajaweza anaandika nini kwenye rimu, nikaambiwa ni ya ofisi. Nikapeleka.

Kwa hiyo mwezi wa kawaida unatutoka Sh 164,000 hivi kabla ya pampasi. Kwa mshahara wangu na biashara ya mume wangu tunaweza, kwa kubana. Ila fikiria huyu: amri ya mishahara iliyoanza Januari 2023 iliweka kima cha chini cha biashara na viwanda Sh 150,000. Muuza duka wa Kariakoo anayelipwa kiasi hicho angefanya kazi mwezi mzima, mshahara wote aupeleke deikea, halafu nauli akakope. Ndiyo maana mitaani kwetu watoto wengi wanaachwa kwa mama mmoja wa jirani kwa Sh 2,000 kwa siku, chumba kimoja, watoto sita au saba. Hana cheti, hana vitanda, lakini huwa hachelewi kufungua na hana haraka ya kufunga. Simlaumu mtu anayepeleka pale.

Kituo chetu kimesajiliwa, cheti kimetundikwa hapo mlangoni wanapopokelea watoto. Vituo vya kulelea watoto mchana vinasajiliwa chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009, kwa hiyo ukifika mahali ukaanza kuzungushwa habari ya cheti, muulize afisa ustawi wa jamii wa manispaa yako. Usafi nimeridhika nao. Wachanga wana chumba chao, mbali na wale wanaokimbia. Ule msimu wa macho mekundu mwanzoni mwa 2024 walikuwa wanakagua watoto getini, mwenye tongotongo anarudi na mzazi wake. Nasi tulirudishwa, na nikaona wanajua kazi yao. Nisichokikubali ni kwamba siku za kuumwa hazipunguzi ada, na Desemba wanafunga wiki mbili huku unalipa mwezi mzima. Halafu kuna mahafali. Ndiyo, mahafali ya watoto wa deikea, na joho la kukodi. Wetu hajafikia, tunajiandaa kisaikolojia.

Sasa tuje kwenye saa. Wanafungua saa kumi na mbili asubuhi, hapo sina neno. Wanafunga saa kumi na mbili jioni, na ikipita robo saa inaanza faini: Sh 1,000 kwa kila nusu saa. Mimi nafanya kazi Posta, katikati ya jiji, natoka saa kumi na moja. Anayepanda mabasi ya mwendokasi Kivukoni jioni anajua ile foleni, basi linakuja limejaa, linafuata jingine limejaa, unaingia la tatu kwa kusukumwa. Ukishuka Kimara bado bodaboda ya kwenda ndani. Na mvua ikinyesha kweli kweli, bonde la Jangwani likajaa maji, safari za mwendokasi zinasitishwa na unabaki kutafuta njia ya kuzunguka pamoja na jiji zima. Mwezi wa masika faini yangu ilifika Sh 20,000, ukiacha bodaboda nilizochukua kuikwepa hiyo faini.

Nilimfuata mama mwenye kituo, nikamwamkia, nikamwomba asogeze hata nusu saa. Akanisikiliza vizuri tu, kisha akasema, "Mwanangu, hawa maanti nao wana watoto wanaowasubiri, na wawili wanaishi Kibamba." Sikuwa na jibu. Ule muda ninaoutaka mimi anautoa mama mwingine, na watoto wake sijui anawaacha na nani.

Kilichotusaidia miezi ya mwanzo ni sheria, na naona wengi hawaitumii. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, 100 kama umejifungua zaidi ya mmoja. Baba ana siku tatu, zinaisha kitovu cha mtoto hakijadondoka. Siku 84 ni wiki kumi na mbili, na kliniki wanakwambia maziwa ya mama pekee hadi miezi sita. Hapo katikati ndipo deikea inapopata wateja. Lakini sheria hiyo hiyo inamtaka mwajiri amruhusu anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Niliomba kwa barua nizichukue zote mwisho wa siku, bosi akakubali baada ya kuguna kidogo, nikawa natoka saa tisa. Kipindi chote kile sikulipa faini hata shilingi. Maziwa ya kukamua yalikuwa kwenye friji yao, yameandikwa jina na tarehe, na hawakuwahi kuyachanganya.

Mtaniuliza kwa nini tusichukue dada wa kazi. Amri ile ile ya mishahara ilitaja Sh 60,000 kwa anayelala kwako na Sh 120,000 kwa asiyelala, kwa watu wa kawaida kama sisi. Kwa karatasi ni nafuu. Ongeza nauli ya kumtoa mkoani, chake aliyekutafutia, chakula, sabuni, matibabu, na chumba ambacho sisi hatuna, tumepanga chumba na sebule. Akienda Krismasi asirudi, unaanza upya na wewe una kazi Jumatatu. Mwenye chumba cha ziada na watoto wawili wadogo, kwake dada wa kazi ni nafuu zaidi. Kwa mtoto mmoja, deikea.

Wanaosema subiri aende shule ya serikali, kweli elimu bila malipo ilianza 2016 na darasa la awali limo. Ila mtoto wa awali anarudi nyumbani mchana, na mimi mchana niko Posta.

Kituo chetu nakipa nyota nne kati ya tano. Ukitaka kukagua deikea yoyote, usiende asubuhi watoto wakiwa wameoga na maanti wana nguvu. Nenda saa kumi na moja jioni, utazame nani analia na nani anambeba. Januari ada inapanda hadi Sh 140,000, tangazo limeshatumwa kwenye grupu la wazazi. Saa ya kufunga ni ile ile. Kwa bei hiyo tutabaki. Wakipandisha na faini, nitamwomba mume wangu afunge kibanda mapema siku za mvua, na hilo nalo lina hesabu yake.