Tudor Black Bay 58: sekunde nne zangu za kila siku

Nilikwenda Dubai kufuata vipuri vya duka langu la Kisekka, nikarudi Kampala na saa ya Tudor Black Bay 58 mkononi. Zaidi ya milioni 14 za Uganda. Mke wangu aliitazama, akauliza, "Baba Zawadi, kwani simu yako haina saa?"

Alikuwa na haki. Casio F-91W ya mwanangu, plastiki na betri, hukosea kama sekunde 30 kwa mwezi mzima. Saa ya springi yenye cheti cha COSC, taasisi ya Uswisi inayopima usahihi wa saa, inaruhusiwa kuchelewa sekunde 4 au kutangulia 6 kwa siku moja. Rolex wamejiwekea 2 mbele, 2 nyuma. Omega zenye cheti cha METAS, taasisi ya vipimo ya serikali ya Uswisi, haziruhusiwi kuchelewa hata kidogo, na zisitangulie zaidi ya 5. Hizo nilizitamani, mfuko ukakataa.

Miezi minane sasa, kila saa moja asubuhi nailinganisha na simu (mshale mfupi uko kwenye 7, lakini sisi tunajua ni saa moja). Hutangulia sekunde 4. Juzi 4, jana 4, leo 4. Hapo ndipo nilipoipenda: saa inayokosea vilevile kila siku unaweza kuishi nayo, inayobadilika-badilika itakutia wazimu. Yangu nikiilaza usiku kwa ubavu, hurudisha sekunde mbili hivi. Yako huenda ikafanya kinyume, ijaribu mwenyewe.

Mwezi wa tatu ikaanza mbio. Nikajua nimepigwa. Kumbe kosa ni langu: kila nikishika grisi naivua, naiweka juu ya spika ya redio dukani. Fundi saa hakuifungua hata mfuniko. Aliwasha dira ya simu yake, akaisogeza saa, sindano ikayumba. "Imekula sumaku, mzee." Ile springi ya ndani, nyembamba kama unywele, ni ya silikoni na haishiki sumaku, lakini vipande vingine vya chuma vilikuwa vimeishika. Akaipitisha juu ya kimashine cha kutoa sumaku, ikatulia palepale.

Ikijaa ufunguo hutembea saa 70, kwa hiyo nikiivua Ijumaa jioni naikuta Jumatatu asubuhi haijalala. Tarehe haina, na sijaikosa. Daftari la madeni linazo zote.