Kipimo cha rada kwenye kihenge cha unga: mwaka mmoja wa matumizi Uyole

Kwa miaka mingi kiasi cha unga kilichomo kwenye kihenge cha kiwanda chetu hapa Uyole, Mbeya, kilijulikana kwa njia mbili: kijana wa zamu alipanda ngazi, akafungua mfuniko na kuteremsha kamba yenye timazi, au msimamizi aligonga bati kwa nyundo ya mpira akisikiliza mahali mlio unapobadilika. Mwaka jana tulinunua kwa wakala mmoja wa Dar es Salaam kipimo cha rada cha gigahezi 80, kifaa kinachokaa paani na kupima kwa mawimbi ya redio umbali hadi juu ya unga, na sasa ninaweza kukizungumzia kwa haki.

Kabla yake tuliwahi kufunga kipimo cha mawimbi ya sauti, ambacho kilisoma vizuri kihenge kikiwa kimetulia, lakini unga ulipoanza kumiminwa vumbi lilimeza sauti na namba zikapotea. Rada haijali vumbi. Mwali wake ni mwembamba, haugongi ngazi ya ndani, na umbali unaosomwa hutofautiana na ule wa timazi kwa sentimita mbili tatu tu. Kina pia cheti cha kutumika penye vumbi linaloweza kulipuka, jambo ambalo mnunuzi asilifanyie mzaha, maana unga uliotanda hewani huwaka kama baruti.

Kasoro kubwa ilitokana na ufungaji. Fundi wa wakala alikiweka katikati ya paa, kando ya bomba la kuingizia unga, kwa sababu tu palikuwa na tundu tayari. Unga haulali sawa kama maji. Ukimiminwa hujenga kilima, na ukitolewa kwa chini huchimbika shimo. Kihenge chetu kina kipenyo cha mita 4.5, na kilima kikifikia urefu wa mita 1.5, kilele chake, ambacho ndicho rada ilichokisoma, huwa mita 1 juu ya wastani wa kimo cha unga. Mita hiyo moja ni karibu mita za ujazo 16, yaani takriban tani 9.5 za sembe isiyokuwepo. Kwa wiki tatu mtunza stoo wetu alionekana asubuhi ana unga ambao hakuupokea, na jioni, shimo likishachimbika, akaonekana ameuiba. Tulipokihamishia sentimita 75 kutoka ukutani, mahali ambapo mteremko wa kilima una kimo sawa na wastani wake, tofauti na mzani wa magari ikashuka chini ya tani 1. Hesabu hiyo tuliifanya wenyewe kwa penseli, ingawa ufungaji tuliulipia.

Jambo la pili ni kwamba kioo huandika tani, ilhali kinachopimwa ni umbali. Tani hupatikana kwa uzito wa mita moja ya ujazo ulioingizwa siku ya kufunga, kwetu kilo 600, lakini unga uliotoka mashineni sasa hivi umejaa hewa, na uliokaa siku nne umeshashindiliwa na uzito wake wenyewe. Kwa hiyo tunasoma alfajiri tu, kabla mashine hazijawashwa. Anayejenga kihenge kipya afikirie vipima uzito vya kuweka chini ya miguu, ambavyo havihangaiki na kilima. Kukiinua kihenge kilichokwisha kusimama ndiko kulikotukatisha tamaa.

Wakala alituambia kwamba kifaa hakihitaji kusafishwa. Huenda kwa Dar es Salaam ni kweli, lakini hapa Juni na Julai unga huingia ukiwa na joto la mashine, usiku bati hupoa, mvuke hugeuka matone ya maji chini ya paa, na vumbi linalotua juu yake hugeuka gundi. Tando la unene wa ukucha lilitosha kukifanya kisome kwamba kihenge kimejaa pomoni wakati kilikuwa nusu. Tangu hapo kijana wa zamu amerudi kupanda ngazi, safari hii kila baada ya wiki mbili, akiwa na kitambaa kikavu.