Aironi ndefu grafaiti, fupi stili: uzoefu wangu wa kuchanganya shafti

Watu wakiona mfuko wangu wa gofu huuliza kama nimeazima fimbo kwa watu wawili. Aironi ni fimbo za kichwa cha chuma, na namba ikiwa ndogo fimbo ni ndefu na inapeleka mpira mbali. Zangu namba 4 na 5 zina shafti (ile fito kati ya mshikio na kichwa) nyeusi za grafaiti, yaani nyuzi za kaboni, na kuanzia namba 6 ni stili, yaani chuma, inayong'aa. Sijaazima. Ni seti moja, vichwa ni vya aina moja, nimeichanganya kwa makusudi. Nimeichezea kiangazi na masika, na sasa nathubutu kuisemea: kuchanganya kunalipa, ila kila kitu kinategemea mpaka wa grafaiti na stili umeuweka kati ya fimbo gani na gani. Mimi mara ya kwanza uliwekwa kati ya namba 6 na 7, na hapo ndipo nilipopatia tabu.

Seti niliinunua mtumba. Ilikuja na shafti za stili, Dynamic Gold S300 za kampuni ya True Temper, ambazo moja kabla ya kukatwa ina gramu 130 hivi. Ni shafti ya heshima, hata mabingwa wanaitumia, lakini inataka mtu mwenye mabega. Mimi nimevuka hamsini na kiwiko cha kulia kimeanza kunidai. Mazoezi nafanyia Mwanza, kwenye kiwanja cha wazi upande wa Buhongwa, na kuanzia Juni mpaka Agosti ardhi ya pale inakauka mpaka kichwa cha fimbo kinadunda. Ukigusa chini kabla ya mpira, mtikisiko wote unapanda na shafti hadi kwenye mfupa. Mechi zenyewe nachezea Kisumu, Nyanza Golf Club, kwa kuwa biashara yangu inanivusha mpakani Sirari kila baada ya muda.

Grafaiti inasifiwa kwa mambo mawili: wepesi, na kumeza mtikisiko. Yote mawili ni kweli. Kwa nini basi sikuweka grafaiti kote? Kwanza bei, maana kwa shafti nilizoulizia, moja ya grafaiti ilikuwa karibu mara mbili ya stili, na ukizidisha kwa fimbo saba unaanza kuangaliana na mama watoto. Pili, kwa namba 8, 9 na weji (fimbo fupi za kunyanyua mpira karibu na shimo) sitafuti umbali. Natafuta mpira utue pale nilipotaka, na mkono wangu unaisikia stili vizuri zaidi. Kwa hiyo kuanzia namba 7 hadi zile fupi nikachagua stili nyepesi, Nippon N.S. Pro 950GH, yenye gramu kama 95. Namba 4, 5 na 6 nikaweka grafaiti ya gramu 70. Weji ya mchangani nikaiacha na shafti yake ya zamani ya gramu 130.

Kabla sijaendelea, kuna mzee mmoja pale klabuni alinishikilia kwamba seti ya namna hii hairuhusiwi kwenye mashindano. Inaruhusiwa. Kanuni inakuzuia kubeba zaidi ya fimbo 14, na kila fimbo peke yake iwe imetengenezwa kihalali. Hakuna mahali panaposema zifanane. Hata hiyo stili yenyewe R&A, wasimamizi wa kanuni za gofu, waliikubali mwaka 1929 tu, kabla yake shafti zilikuwa za mti na watu walichagua fimbo mojamoja kwa mkono. Na wachezaji wa kulipwa wenye grafaiti kwenye aironi ndefu na stili kwenye nyingine zote si wachache.

Kazi ya kufunga nilimpa fundi wa Kisumu, na huduma yake naipa alama za juu. Shafti nilizoagiza mtandaoni zilikuja na ncha isiyo sahihi: vichwa vyangu vinapokea ncha inayochongoka, inchi 0.355, wao wakaniletea ncha iliyonyooka ya inchi 0.370. Fundi mwingine angechukua drili akapanua shingo ya kichwa, akanikabidhi, akala hela yake. Huyu alizirudisha kwenye boksi. "Mzee, nikitoboa hapa ukuta utabaki mwembamba. Siku ukipiga jiwe, kichwa kitakwenda na mpira." Duka lilichukua muda mrefu kubadilisha na halikuomba radhi. Kama unaagiza, uliza ncha kabla ya kuuliza bei.

Zilipofika za sawa alizitoa zile za zamani kwa moto wa gesi, akasafisha shingo, akafunga kwa epoksi, na akanikataza kupiga mpira kwa siku nzima mpaka gundi ikauke kabisa. Nilipenda alivyonieleza tofauti: stili unaweza kuipasha moto na kuizungusha itoke, lakini grafaiti ukiizungusha nyuzi zake zinachanika, inabidi ivutwe moja kwa moja kwa mashine. Yaani siku ukitaka kuibadilisha tena grafaiti, usimpe fundi wa baiskeli.

Sasa ile tabu. Namba 7 ilikuwa inakwenda mita 128. Namba 6, mita 148. Namba 8, mita 117. Angalia hizo nafasi: kati ya 8 na 7 ni mita 11, kati ya 7 na 6 ni mita 20. Nikiwa mita 138 kutoka kwenye bendera sikuwa na fimbo. Na namba 6 ilikuwa na tabia nyingine, ilivuta mpira kushoto hata siku nilizokuwa napiga vizuri.

Sababu iko kwenye nusu inchi. Shafti za grafaiti za aironi kwa kawaida hufungwa zikiwa ndefu kwa nusu inchi kuliko za stili. Wengi hudhani ni ujanja wa kuuza umbali, na kiasi ni kweli, lakini kuna hesabu nyuma yake. Mafundi hupima jinsi kichwa kinavyoelemea mkononi ukizungusha fimbo, wanaandika C9, D0, D1, D2 na kuendelea. Shafti ikipungua gramu 9 hivi, fimbo inashuka alama moja. Ikirefuka nusu inchi, inapanda alama tatu. Sasa toa 70 kwenye 95: gramu 25, karibu alama tatu kamili. Kwa hiyo nusu inchi ile inarudisha mizani mahali pake, na kwenye seti ambayo yote ni grafaiti haina ubaya, kwa sababu zote zimerefuka pamoja. Kwenye seti ya mchanganyiko, pale mpakani unapata fimbo mbili zilizoachana inchi nzima badala ya nusu. Fimbo ikirefuka, kichwa nacho kinainua pua kidogo, na mpira wa mtu wa mkono wa kulia unakwenda kushoto. Siri yote ya namba 6 ilikuwa hiyo.

Dawa ni kuzikata zile za grafaiti zilingane na stili, kisha kurudisha uzito kichwani. Gramu 2 kichwani ni alama moja, kwa hiyo nilihitaji gramu 6 kwa kila fimbo. Wenzetu huko nje hununua utepe wa risasi uliotengenezwa kwa kazi hii. Mimi nilikwenda Kirumba Mwaloni nikanunua risasi ya kuzamishia nyavu, nikaigonga kwa nyundo mpaka ikawa bapa, nikaikata vipande. Kuipima nilikwenda kwa sonara, kwa sababu Mwanza mizani ya gramu iliyo sahihi unaikuta kwa watu wa dhahabu. Yule kijana aligeuza kipande mkononi akaniuliza, "Mzee, hii nayo unaniuzia?" Tukacheka, akanipimia bure. (Risasi ukishaishika nawa mikono, na usiiache watoto waichezee.) Nilivibandika nyuma ya vichwa kwa epoksi. Kanuni haina shida na uzito uliobandikwa, mradi usiubandue wala kuongeza mwingine katikati ya raundi.

Namba 4 na 5 zikatulia mara moja. Namba 6 ilitulia kwa umbali na kwa kushoto, lakini mkono wangu haukuikubali. Nafikiri ni kwa sababu namba 6 na 7 ndizo ninazobadilishana sana, mara nyingi kwenye mashimo ya mikwaju mitatu ambapo nataka mita ile ile. Nikitoka kwenye gramu 95 nikashika gramu 70, mwili unaongeza kasi wenyewe bila kuniuliza. Ni kama kupanda ngazi gizani ukakuta kidaraja kimoja ni kirefu kuliko vingine. Mwishowe namba 6 nikaifungia 950GH nayo, na mpaka ukahamia kati ya 5 na 6.

Hapo ndipo palipo sahihi kwangu, na ningemwambia mtu yeyote aanzie hapo. Namba 5 naishika nikiwa mbali, shabaha yangu ikiwa ni upande wa kijani (uwanja wa nyasi fupi wenye shimo) na si shimo lenyewe. Ikizidi mita nane hakuna anayelia. Ule mruko wa uzito upo bado, ila umehamia mahali ambapo haunigharimu. Kama unataka usiwepo kabisa kuna shafti za namna hiyo: Dynamic Gold AMT za True Temper zinaongezeka gramu 3 kwa kila fimbo, kutoka nyepesi kwenye aironi ndefu hadi nzito kwenye fupi. Zote ni stili, kwa hiyo kiwiko hakitapata nafuu ileile.

Kiwiko chenyewe? Nafuu ipo, lakini nisiipe grafaiti sifa zote. Nadhani sehemu kubwa imetokana na kutoka gramu 130 kwenda 95 kwenye fimbo ninazozipiga sana. Kama maumivu ndiyo yanayokusumbua na mfuko hauruhusu, anza na stili nyepesi kote.

Upepo wa ziwa ni jambo ambalo sikulitegemea. Asubuhi hewa inatoka nchi kavu kwenda majini, mchana inageuka, inavuma kutoka ziwani, na saa tisa alasiri inakuwa na nguvu. Grafaiti yangu inarusha mpira juu zaidi. Asubuhi iliyotulia ni raha, mpira wa namba 5 unatua bila kukimbia. Mchana upepo ukiwa usoni ule mpira unapanda, unasimama, unarudi kama umesahau kitu. Siku hizo namba 5 naishika chini kwenye gripu (mshikio) na kupiga nusu, au naichukua namba 6 ya stili na kukubali kufika kwa mikwaju miwili. Ukizingatia kwamba huku tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na mpira tayari unaruka mbali kidogo kuliko Dar, usichague grafaiti laini mno kwa sababu tu ni nyepesi. Chukua yenye ncha ngumu.

Wanaopenda simulizi za klabu ya Nyanza watakwambia zamani ilikuwepo kanuni kwamba mpira ukisimama karibu na kiboko au mamba unaruhusiwa kudondosha mwingine mahali salama bila adhabu. Mipira yangu ya kushoto ya ile namba 6 ingenifanya niitumie kila wiki.

Lililobaki ni namba 4. Shafti haina kosa, kazi ya fundi haina kosa, lakini kwa kasi yangu ya sasa tofauti yake na namba 5 ni mita tano tu. Shafti ya grafaiti sikupaswa kuinunulia, hela ile ingetosha haibridi (fimbo ya umbali iliyo rahisi kupiga kuliko aironi ndefu) iliyotumika. Kama na wewe uko kwenye umri wangu, hesabu shafti zako kuanzia namba 5.