VivaScope 1500: kuchungulia seli za ngozi bila wembe

Anayetafuta mashine ya kupima mikunjo ya uso asinunue hii. VivaScope 1500 ni hadubini ya leza ya konfokali, na uwezo wake wa kuona huishia mikroni 200 hadi 250 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) chini ya uso wa ngozi. Ndani ya kina hicho kidogo, lakini, inaonyesha seli mojamoja za mtu aliye hai, ameketi kitini. Hilo ni jambo kubwa katika utafiti wa vipodozi, maana hakuna mwenye ngozi yake salama atakayekubali kukatwa kipande cha nyama ya shavu kwa sababu ya krimu ya unyevu.

Leza yake ni ya nanomita 830, mwanga ambao jicho halioni vizuri lakini ngozi huupitisha. Mbele ya kipokezi cha mwanga kuna tundu dogo linalozuia mwanga wote usiotoka kwenye tabaka linalotazamwa; hiyo ndiyo maana ya konfokali. Wazo hilo ni la Marvin Minsky, aliyeliombea hataza mwaka 1957. Kazi ya Milind Rajadhyaksha na wenzake iliyochapishwa 1995 huko Marekani ndiyo iliyoonyesha kuwa lafaa kwa ngozi ya binadamu hai. Picha moja ni mkato wa mlalo, mikroni 500 kwa 500, na mashine huunganisha picha nyingi kuwa ramani ya hadi milimita 8 kwa 8.

Rangi yote ni nyeusi, kijivu na nyeupe, na hapa ndipo ngozi yetu inapoipendelea mashine. Kinachong'aa ni kile kinachopinda mwanga zaidi kuliko jirani yake: melanini, yaani rangi ya ngozi, ina kiwango cha kupinda mwanga cha 1.7, keratini, protini ya gamba la ngozi, 1.5, na sehemu kubwa ya epidermisi, yaani ngozi ya juu, 1.34 tu. Kwenye ngozi nyeusi, seli za tabaka la chini la epidermisi huwaka na kuzunguka vichuguu vya dermisi (vilima vidogo vya ngozi ya chini vinavyoinukia ndani ya epidermisi) kama pete nyeupe, hivyo kuzihesabu ni rahisi. Kwenye ngozi nyeupe sana, na zaidi kwa mtu mwenye ualbino, pete hizo hufifia, na mpaka wa epidermisi na dermisi lazima utafutwe kwa kufuata mishipa midogo ya damu. Vifaa vingine vingi vya ngozi, hasa vya kupima wekundu, hulemewa na melanini. Hiki huishi kwayo. Ila kuna gharama: mng'ao huo wa juu hupunguza mwanga unaofika chini, na nyuzi za kolajeni, protini inayoipa dermisi uimara, huonekana hafifu zaidi.

Ubora wa picha huamuliwa kabla leza haijawashwa. Mshiriki asipake kitu kwenye eneo hilo kwa saa 12, kisha apumzike dakika 20 hadi 30 katika chumba cha nyuzi 20 hadi 22. Vinyweleo vikatwe kwa mkasi; wembe hukwangua tabaka la juu kabisa, na hilo ndilo tunalotaka kulipima. Tone la mafuta ya madini huwekwa juu ya ngozi, kisha hubandikwa pete ya chuma yenye kidirisha cha plastiki na gundi, halafu jeli ya ultrasaundi kati ya kidirisha na lenzi. Usibadilishe nafasi za mafuta na jeli. Mafuta yako karibu na keratini kwa namna yanavyopinda mwanga, na jeli iko karibu na maji, ambayo ndiyo lenzi hii iliyotengenezewa.

Doa jeusi la duara lenye ukingo mkali ni povu la hewa, si seli iliyokufa. Inua kichwa cha mashine, futa, weka jeli upya. Kusukuma zaidi hakusaidii. Kusukuma pia hubana vichuguu na kufukuza damu kwenye mishipa, na mtafiti asiyejua ataandika kuwa krimu imepunguza mishipa. Nyota nyeupe kali zilizotapakaa juu kwa kawaida ni mabaki ya titani dioksidi au zinki oksidi ya mafuta ya jua. Mistari iliyopinda kwenye ramani ni pumzi ya mshiriki, hasa kifuani. Viganja na nyayo usijisumbue navyo: gamba lake ni nene mno.

Kosa linaloharibu utafiti mzima ni jingine. Mashine ikiachiwa kurekebisha nguvu ya leza yenyewe, picha ya wiki ya kwanza na ya wiki ya nane hazilinganishwi tena kwa mwanga. Funga nguvu, iandike, na hata hivyo usitegemee ukali wa kijivu kwenye picha. Pima vitu vyenye kipimo: unene kutoka juu hadi ncha ya kichuguu cha kwanza, idadi ya vichuguu katika eneo moja, ukubwa wa seli za tabaka la punje (lililo chini kidogo ya gamba la juu), ambazo huwa mikroni 25 hadi 35. Kwa unene, shuka kwa hatua za mikroni 3, si 10. Anayehesabu asijue picha ipi ni ya kabla ya krimu. Na ili kurudi mahali palepale, chora ramani ya madoa na alama za kudumu kwenye plastiki angavu. Kalamu juu ya ngozi huishia kwenye maji ya kuoga.

Eneo moja huchukua dakika 10 hadi 15, kwa hiyo washiriki 30 wenye maeneo mawili ni siku kadhaa za kazi. VivaScope 3000 ya kushika mkononi ni ya haraka na hufika kwenye kona ya pua ambako pete haishiki, lakini mkono hutetemeka, na kwa ufuatiliaji wa wiki nyingi toleo la 1500 linabaki bora.

Swali likiwa ni dermisi, ultrasaundi ya megahezi 20 hushuka milimita kadhaa, ingawa seli haizioni. deepLive ya DAMAE Medical ya Ufaransa, inayotumia LC-OCT (njia nyingine ya kupiga picha ndani ya ngozi kwa mwanga), hufika karibu mikroni 500 na kutoa pia mkato wa wima, jambo ambalo VivaScope haina. Maabara inayoanza leo na yenye fedha iitazame hiyo kwanza. Iliyokwisha kuwa na 1500 haina sababu ya kuitupa, mradi ibajeti kidirisha kipya kwa kila mshiriki, kwa kuwa kilichotumika tayari hubaki na mikwaruzo inayofanana mno na mistari ya ngozi.